Hodi Tatu za Mama Kahambu

Kila alipofika mlangoni pa jumba la sala, hata ufunguo ukiwa mkononi mwake na akijua fika kwamba ndani hakuna mtu, Pélagie Kahambu alivua ndala zake, akaziweka pembeni, akabisha.

"Hodi." Akanyamaza. "Hodi." Akanyamaza tena, safari hii kwa muda mrefu kidogo. "Hodi."

Kisha aliinamisha kichwa akangoja, kama muda wa mtu kufunga kilemba chake vizuri, akasema, "Aksanti," akaingia na ndoo.

Alifanya hivyo asubuhi na jioni kwa miaka kumi na mitatu. Alibisha mvua ikimmwagikia mgongoni. Alibisha mwaka ule alipovimba goti, akiwa amejishikiza kwenye fremu ya mlango. Wapangaji wa nyumba ndefu ya mabati chini ya kilima cha Mengo, jirani na jumba lile, walikuwa wamemzoea kama wanavyozoewa majogoo. Joska, muuza mboga aliyekwenda soko la Kalerwe kila alfajiri kuchukua mchicha wa dodo na nyanya chungu, ndiye peke yake ambaye hakuchoka kumtania.

"Leo amekujibu, Mama Kongo?"

"Nyumba ni yake, Joska. Akitaka atajibu, akitaka atanyamaza."

"Siku akijibu utaitupa ndoo hiyo, na mbio zako zitaishia kwenu Beni!"

"Mimi nitaishia ndani. Wewe na mdomo wako ndio mtakaokimbia."

Alum naye alikuwa akicheka. Alikuwa msichana mwenye mtoto mmoja mgongoni, ametoka Lira kumfuata mumewe Okullo, dereva wa malori ya jeshi aliyekuwa ameruhusiwa kupanga chumba nje ya kambi. Chumba chao kilipakana na cha Mama Kahambu. Alum na mama yule hawakujua Kiganda zaidi ya kile cha kupatana bei. Kiswahili cha kambini alichofundishwa Alum na mumewe, na kile alichokuja nacho mama yule kutoka Kongo, vilikutana juu ya jiko la mkaa, vikagongana mara kadhaa, vikaelewana.

Kidogo kidogo Alum akajua habari zake. Alivuka mpaka mwaka wa sitini na nne, wakati wa maasi, akiwa na kikapu kimoja. Mumewe, Augustin, alikuwa akifundisha watoto katekisimu. Alikufa ndani ya kanisa. Kahambu hakusimulia zaidi ya hapo ila mara moja, akichambua maharage, bila kuulizwa.

"Niliwaona watu wakiingia kwa Mungu kama wanaingia sokoni. Na viatu vyao, na bunduki, na sigara. Niliona na kilichofuata." Akaokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa. "Nikasema, mimi kwa Mungu nitabisha."

Jumba lenyewe halikuwa la kutazamika. Lilikuwa na kuta za matofali, paa la bati, mabenchi ishirini, na mbele jukwaa la mbao linalofika magotini, ambapo mhubiri alisimama. Fahari yake ilikuwa sakafu. Kahambu aliyeyusha vipande vya mishumaa, akavichanganya na mafuta ya taa na udongo mwekundu, akaisugua saruji ile kwa nyuzi kavu za mgomba mpaka ikawa kama maji yaliyotulia. Alianzia mbele, jukwaani, akirudi kinyumenyume kwa magoti, uso ukitazama mbele wakati wote, mpaka akajikuta nje kwenye ngazi. Hivyo sakafu ilibaki haina alama ya mguu hata mmoja. Watu walioingia baadaye walidhani hakuna aliyepita.

Mwezi wa tisa mwaka wa sabini na saba redio ilitangaza kwamba madhehebu mengi yamepigwa marufuku. La kwao lilikuwemo. Kesho yake wanajeshi walikuja, wakapigilia mbao mbili mlangoni na karatasi yenye muhuri katikati, wakaondoka. Waumini walitawanyika bila kuagana. Mhubiri alionekana Jumatatu, na Jumanne hakuonekana.

Jumatano, ukungu ukiwa bado umelala juu ya bwawa la mafunjo huko bondeni, Alum alimwona Mama Kahambu akitoka na ndoo.

"Mama! Pamefungwa!"

"Pamefungwa kwa watu. Vumbi halijui kusoma."

Upande wa nyuma kulikuwa na mlango mdogo wa chumba cha kuhifadhi vitabu, na wapigilia mbao hawakujisumbua kuzunguka. Alum alisikia hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alisikia kimya kilichofuata. Zamani kimya kile kilikuwa kifupi tu, kitu cha kuchekesha. Asubuhi ile kilimfanya amshushe mtoto mgongoni na kumkumbatia kifuani.

Tangu hapo watu waliacha kupita karibu na jumba. Njia ya mkato iliyokuwa ikikatiza uwanja wake iliota nyasi kwa wiki tatu tu. Karoli, wale ndege wakubwa wenye vipara wanaokula mizoga, walihamia pale. Walijipanga juu ya paa, mabega juu, kama watu wanaongoja kuitwa majina. Kutoka ng'ambo ya ukuta wa Lubiri, kasri la zamani la mfalme, ambako wanajeshi walikuwa wamekaa, zilikuja sauti ambazo kila mtu alijifunza kuzungumza kwa nguvu ili asizisikie. Kahambu peke yake ndiye hakubadilika. Alikwenda kusafisha nyumba ambayo hakuna atakayekuja kukaa ndani yake.

Kisha Okullo hakurudi nyumbani.

Mwenzake wa kambini alipita haraka, hakukaa, akasema Okullo ameitwa na watu waliokuja na gari lisilo na namba. Walikuwa wakiwaita watu wa Lango na Acholi, watu wa kaskazini kama yeye, mmoja mmoja. Alum alikwenda getini siku tatu. Siku ya tatu askari wa zamu alimwambia kwa upole uliomtisha kuliko matusi, "Dada, rudi nyumbani. Usiulize tena jina hilo."

Hakulia. Alishindwa kulia na alishindwa kusali. Kila alipofumba macho aliona gari. Siku ya kumi hivi, kwa kuwa aliogopa kubaki chumbani peke yake, alimfuata Mama Kahambu hadi kwenye mlango mdogo. Mama hakumwambia neno la faraja. Alimwonyesha ndala zake. Alum akavua za kwake. Wakabisha. Ndani mlikuwa na giza la kijani, mwanga ukipenya kwenye vioo vilivyoota ukungu, na harufu ya nta.

"Mimi sijui kusali tena, mama," Alum alinong'ona.

"Sijakuleta usali. Shika hizi nyuzi. Anzia pale mbele, urudi nyuma. Macho yawe mbele. Usitake kitu. Sogea tu."

"Kusogea wapi, na ninarudi nyuma?"

Mama Kahambu alicheka kidogo, kicheko cha puani. "Hata mimi niliuliza hivyo hivyo."

Siku nne walifanya kazi bila kuzungumza. Alum alishangaa kuona kwamba kwa saa moja ile kila asubuhi kifua chake kiliweza kuvuta pumzi. Asubuhi ya tano waliingia, akainama kuanza, akaona.

Sakafu iliyoachwa safi jana jioni ilikuwa na alama za nyayo. Miguu mitupu. Zilitoka kwenye mlango wa chumba cha vitabu, zikapita kati ya mabenchi, zikaenda moja kwa moja hadi mbele. Zilizorudi hazikuwepo.

Alimtazama Mama Kahambu, naye alikuwa amepiga magoti tayari na kuanza kusugua, akizifuta alama zile moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayepangusa uso wa mtoto.

"Mama, huzioni?"

"Naziona. Jana asubuhi pia zilikuwepo, na juzi. Wewe ulikuwa unasugua upande ule."

"Ni za nani?"

"Sijauliza. Naacha muhogo kwenye benchi, jioni naukuta umeliwa. Mgeni wa mwenye nyumba simhoji mimi."

Lakini Alum alikuwa ameinama juu ya alama moja ambayo haijafutwa. Ilikuwa ya mguu wa kushoto, na haikuwa na kidole cha mwisho. Kidole kile alikijua. Baiskeli ya baba mkwe wake ilikikata mwaka Okullo alipokuwa na miaka sita, na usiku wa harusi yao alimwonyesha pengo lile akicheka, akisema, hivi ndivyo nilivyo, hujachelewa kurudi kwenu.

Alizifuata nyayo kwa magoti hadi jukwaani. Ubao wa pembeni ulikuwa umelegea. Aliweka mdomo kwenye ufa, akasema jina lake kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia vizuri.

"Okullo."

Kutoka chini ya mbao, kitambo kirefu baadaye, vidole vinne vilijitokeza vikagusa shavu lake.

Alikuwa ameruka kutoka kwenye gari lilipokwama matopeni, akiwa amefungwa mkono mmoja tu kwa haraka yao. Alilala kwenye mafunjo ya bondeni siku sita. Ukungu ulikuwa mzito hata hakujua mji uko upande gani, mpaka aliposikia, asubuhi na jioni, sauti ya mama wa Kongo ikibisha hodi. Kwa sauti hiyo akajua nyumbani kuko wapi. Chumbani kwake asingeweza kwenda. Akaja huku, na kila usiku alitoka kunywa maji miguu ikiwa mikavu, akarudi ikiwa imelowa matope.

Sasa jambo likawa moja tu, nalo lilijaza kichwa chote cha Alum: Jumamosi. Mumbere, mtoto wa dada yake Kahambu, angefika soko la Nateete Jumamosi na lori lake la ndizi, na kurudi Kasese siku hiyo hiyo, na kutoka Kasese kuna njia za mlimani za kwenda Kongo ambazo Wanande, watu wa kwao Kahambu, hupita bila kuulizwa. Leo ni Jumatano. Okullo akifika Jumamosi akiwa chini ya mbao zile, ataishi.

Na hofu yake nayo ikawa moja. Alhamisi jioni alimkalisha mama chini.

"Mama, wakija wakiuliza kama kuna mtu ndani?"

"Watauliza."

"Utasema nini?"

Mama Kahambu aliweka mikono juu ya magoti yake makavu. "Mwanangu, mlango ule sijawahi kusimama mbele yake nikasema uongo. Hata neno dogo. Usiniombe hilo."

"Ni mume wangu!"

"Najua ni mume wako. Nami nilikuwa na mume."

Usiku ule Alum alimchukia. Alimchukia kwa utakatifu wake, kwa magoti yake, kwa ndala zake zilizopangwa. Alilala akimsikia ng'ambo ya ukuta mwembamba, akinong'ona kwa lugha ya kwao, na akamlaani kwa kunong'ona, akatamani kumpigia ukuta anyamaze.

Walikuja Ijumaa asubuhi, wawili. Nani aliwaambia, haikujulikana kamwe. Ukungu ulikuwa haujainuka. Alum, mtoto mgongoni, alikuwa hatua tano nyuma ya Mama Kahambu na ndoo ya pili, alipoona buti kwanza, kisha bunduki, kisha uso wa mwanamume mkubwa mwenye macho mekundu akiegemea ukuta karibu na mlango mdogo. Mwenzake, mwembamba, alikuwa akizikanyaga nyasi huku na huku kama mwenye baridi.

"Wewe mama," alisema yule mkubwa. "Nafanya nini hapa? Hii kanisa nafungwa."

"Nafagia, afande."

"Nafagia kwa nani? Watu hapana." Yule mwembamba akacheka. Mkubwa hakucheka. "Nani iko ndani?"

Alum alihisi mkojo wa mtoto ukipenya kwenye kanga, wa moto, ukishuka kiunoni. Aliutazama mgongo wa Mama Kahambu. Mgongo ule haukutikisika.

"Sijaingia bado, afande. Siingii kabla ya kubisha. Mnipe nafasi nibishe."

"Bisha kwa nani?"

"Kwa mwenyewe."

Alivua ndala zake, akaziweka pembeni. Kisha aliinua macho kwa yule mkubwa na kumwambia, kwa sauti ya mama anayemkumbusha mwanawe kunawa, "Viatu, baba."

Alum alidhani atampiga. Mkono wa bunduki ulisogea. Lakini kitu kilipita usoni mwa mtu yule, labda mlango mwingine, wa mbali, na mama mwingine aliyesimama hapo. Aliinama. Alifungua kamba za buti zake, kwanza ya kulia, kisha ya kushoto. Miguu yake ilikuwa myeupe kwa jasho na laini kama ya mtoto.

"Mzee, vipi?" mwembamba aliuliza.

"Nyamaza."

"Hodi," alisema Mama Kahambu.

Karoli mmoja juu ya paa aligeuza shingo.

"Hodi."

Ukungu. Hakuna gari barabarani, hakuna jogoo. Ng'ambo ya ukuta wa Lubiri nako, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, kimya.

"Hodi."

Mama aliinamisha kichwa chake kama kawaida. Na kutoka ndani, si kwa nguvu, si kwa haraka, kama mtu aliyekuwa ameketi karibu sana na mlango muda wote huo, sauti ikasema:

"Karibu."

Haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke. Yule mwembamba alirudi nyuma hadi akajikwaa kwenye ndoo, maji yakamwagika. "Twende, mzee. Twende, twende." Akaondoka bila kungoja jibu, kwanza akitembea, kisha mbio, vishindo vyake vikifa ndani ya ukungu. Alum alijisemea, Okullo, umefanya nini, umetuua. Mama Kahambu aliendelea kuinama, kwa muda ule ule wa siku zote, si zaidi wala pungufu.

"Aksanti," alisema, akausukuma mlango.

Yule mkubwa aliingia kwanza, bila viatu, bunduki ikining'inia begani kama kitu alichosahau. Alum alimwona akipita kati ya mabenchi juu ya sakafu ile inayong'aa, akiacha alama za jasho nyuma yake. Alikwenda hadi mbele. Alisimama mbele ya jukwaa, hatua moja kutoka kwenye ubao uliolegea. Alikaa pale kwa muda ambao Alum hakuweza kamwe kuupima, si siku ile wala miaka iliyofuata. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Kisha alianza kurudi, naye alirudi kinyumenyume, taratibu, macho yakiwa mbele, ingawa hakuna aliyemfundisha.

Alipotoka uso wake ulikuwa umelowa. Aliwatazama wote watatu, mama na msichana na mtoto, kama anayetaka kukumbuka wametoka wapi. "Watu hapana," alisema. Akaenda zake kwenye ukungu akiwa na miguu mitupu. Buti zilibaki pale mlangoni, kando ya ndala.

Jumamosi, Okullo akiwa ameshapenya usiku kupitia mafunjoni hadi Nateete, Mumbere alimpakia chini ya mikungu ya ndizi mbovu zilizokataliwa sokoni. Alum alijifanya mnunuzi. Alipoinama kuchagua mkungu, sauti ya mumewe ilimjia kutoka chini ya majani.

"Alum. Mama aliwezaje kusema karibu kwa sauti ile?"

"Mama? Si wewe uliyesema?"

"Mimi? Nilikuwa nimejaza shati mdomoni nisisikike nikipumua. Ilisemwa juu yangu. Juu ya mbao, palepale. Nilidhani mama ameshaingia."

Lori liliondoka. Alum alirudi Mengo kwa miguu, na njia nzima alihisi kama kuna mtu anatembea nusu hatua nyuma yake, bila kumdhuru.

Alikaa siku nane zaidi ili majirani wasiunganishe mambo. Kila asubuhi alikwenda kusugua. Sasa alibisha hodi zake akitega sikio, na kila mara palikuwa na kimya, kimya cha kawaida, cha bati na matofali. Mama Kahambu alizipangusa buti zile vumbi kila siku na kuzirudisha palepale, visigino ukutani. "Atazifuata," alisema. Hakuzifuata.

Siku ya tisa Mumbere alipita tena, na ilikuwa zamu ya Alum. Alifunga kitenge, akambeba mtoto, akaenda kuaga. Jua lilikuwa limeshatoka, ukungu umekwisha, na Joska alikuwa anapanga nyanya zake mbele ya nyumba akimsuta mbuzi wa mtu. Alum alimkuta Mama Kahambu kwenye ngazi ya mlango mdogo, amemaliza kazi, miguu mitupu ikiwa juani. Akapiga magoti mbele yake, kama anavyoagwa mama mzazi kwao.

"Mama, niliwaza vibaya juu yako. Usiku ule."

"Nilikusikia. Ukuta ni mwembamba."

"Nisamehe."

"Ndiyo. Haya, inuka, mtoto ataangukia kichwa."

Alum hakuinuka. "Sasa niambie kitu kimoja kabla sijaondoka. Umemsikia mara ngapi, mama? Miaka yote hii. Huwa anajibu kila siku na sisi wengine ndio viziwi, au anajibu mara chache?"

Mama Kahambu alimtazama bila kuelewa. Alikuwa na masikio makali. Alikuwa akisikia paka akipita juu ya maharage yaliyoanikwa, alikuwa akisikia kunong'ona ng'ambo ya ukuta.

"Nani anajibu?"

"Siku ile. Ulipobisha, na wale wapo. Aliposema karibu."

Rangi iliuacha uso wa mama yule, ikarudi, ikauacha tena. Aliugeukia mlango uliokuwa wazi nyuma yake, na sakafu nyekundu isiyo na alama, na jukwaa. Alum alielewa, na kuelewa kule kulimchoma: miaka kumi na mitatu, hodi tatu asubuhi na tatu jioni, na kila mara alikuwa akishukuru kwa kimya, akaingia. Siku ile nayo alisikia kimya.

"Alisema karibu," mama alirudia, polepole, kama anayeonja neno. "Yule askari alimsikia?"

"Alimsikia. Na mwenzake. Na Okullo. Na mimi."

Mumbere alipiga honi kule barabarani, mara moja, kisha mara ya pili. Mama Kahambu hakugeuka. Aliukamata mkono wa Alum kwa mikono yake miwili iliyokakamaa kwa nta na mafuta ya taa, akauvuta karibu na kifua chake. Macho yake yalikuwa ya mtoto aliyelala mapema na kuambiwa asubuhi kwamba baba alikuja.

"Lori litangoja," alisema. "Niambie tena, mwanangu. Polepole. Sauti yake ilikuwaje?"